Pesa za Vijana Zilikuwepo, za Wenye Ardhi Zikakosekana

Kila serikali inayolemewa na vijana wasio na kazi, ipo siku huikumbuka CCC, kile kikosi cha kiraia cha uhifadhi kilichoundwa Marekani wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Hoja huwa ni ile ile: nchi ikiwa imeanguka, iliwachukua vijana waliokuwa wakizurura mitaani, ikawavisha sare, ikawapa sururu na koleo, ikawapeleka milimani kupanda miti na kujenga hifadhi, na baada ya miaka tisa ikawa imevuna raia waliokomaa pamoja na nchi iliyopendeza. Wanasiasa wanaipenda hadithi hii kwa sababu inaonekana haina aliyeumia. Mimi nashikilia kwamba waumiaji walikuwepo, na ili tuwaone hatuna budi kuacha kuizungumzia CCC kwa jumla jumla na kwenda mahali pamoja: safu ya milima ya Blue Ridge katika jimbo la Virginia, ilipo leo Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah. Huko ndiko sifa za mpango huo zinakoonekana waziwazi kuliko kwingine, na ndiko inakoonekana pia nani alilipia sifa hizo.

Hali ya nchi wakati huo haihitaji kutiwa chumvi. Soko la hisa la New York liliporomoka Oktoba 1929, na kufikia mapema mwaka 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Mabenki yalifungwa. Mazao yaliozea mashambani kwa kukosa mnunuzi huku watu wa mijini wakipanga foleni za mkate na supu. Vijana ndio waliobanwa zaidi, maana hawakuwa na ujuzi wala uzoefu wa kuwapigania mahali pa kazi, na maelfu yao walikuwa wakidandia mabehewa ya mizigo kutoka mji hadi mji wakitafuta kibarua. Franklin Roosevelt aliapishwa tarehe 4 Machi 1933. Tarehe 21 ya mwezi huo alipeleka pendekezo lake bungeni, tarehe 31 akatia saini sheria, na tarehe 17 Aprili kambi ya kwanza, iliyopewa jina lake, ikafunguliwa katika msitu wa taifa wa George Washington, huko huko Virginia. Kufikia Julai zaidi ya vijana 250,000 walikuwa kambini. Anayedai kwamba serikali kwa maumbile yake haiwezi kutenda jambo kubwa kwa haraka, inampasa aijibu ratiba hiyo kwanza.

Masharti yalikuwa mepesi kueleweka. Kijana alitakiwa awe na umri wa miaka 18 hadi 25, asiwe ameoa, na atoke katika familia inayoishi kwa misaada. Mshahara ulikuwa dola 30 kwa mwezi, na kati ya hizo dola 25 zilipelekwa nyumbani kwao moja kwa moja. Yeye alibakiwa na tano za sigara, sinema na mahitaji madogo madogo. Wizara ya Kazi iliwachagua, jeshi likaendesha kambi, na idara za misitu na hifadhi zikapanga kazi na kuzisimamia. Kambi moja ilikuwa na vijana 200 hivi, mwanzoni katika mahema ya turubai, baadaye katika mabweni marefu ya mbao. Waliamshwa asubuhi na mapema, wakanywa chai, wakahesabiwa, wakapanda malori kwenda kazini, na chakula cha mchana kikawafuata huko huko. Jioni bendera ilishushwa, wakala, kisha aliyetaka akaingia darasani. Vijana zaidi ya 40,000 waliokuja hawajui kusoma waliondoka wanajua. Wengi walinenepa katika miezi ya mwanzo, na sababu haikuwa siri: kwa mara ya kwanza baada ya miaka walikuwa wakila milo mitatu kwa siku. Zile dola 25 zililipa kodi ya nyumba na deni la duka katika familia ambazo baba alikuwa amekata tamaa. Mtu asiyeuona uzito wa jambo hilo hajawahi kuitazama njaa kwa makini, na lolote nitakalosema chini hapa silisemi kwa kulidharau.

Kambi za kwanza za Shenandoah zilifunguliwa Mei 1933, moja mahali panapoitwa Skyland na nyingine Big Meadows. Baadaye ziliongezeka, na kabla mpango haujafungwa mwaka 1942 vijana wapatao 10,000 walikuwa wamepitia milima hiyo. Hapa inafaa nisahihishe jambo moja linalorudiwa mno. Husemwa kwamba vijana wa CCC ndio waliojenga Skyline Drive, ile barabara ya kilomita 169 inayopita juu ya mgongo wa milima. Barabara yenyewe ilianza kuchimbwa mwaka 1931, wakati wa Rais Hoover, kwa fedha za kuwasaidia wakulima waliopigwa na ukame, na kazi nzito ya kupasua miamba na kutandaza njia ilifanywa na wakandarasi. Walichofanya vijana ni kile kinachoifanya barabara hiyo ipendwe. Walisawazisha kingo zilizoachwa zikiwa zimechubuka, wakajenga kuta za mawe za kuzuia magari yasiporomoke, wakatengeneza viegesho vya kutazamia mabonde, wakapanda miti na vichaka kwa mamia ya maelfu hadi kidonda cha ujenzi kikafunikwa. Msafiri anayesimama leo penye kiegesho kimojawapo na kuweka mkono juu ya ukuta anagusa kazi iliyoanzishwa na mikono ya vijana ambao wengi wao hawakuwahi kushika jiwe kwa ajili ya kujenga kitu.

Kazi nyingine ilikuwa ya kuondoa maiti. Milima ya mashariki mwa Marekani ilikuwa imejaa miti ya chesnati, mikubwa, yenye mbao zisizooza upesi na njugu zilizoanguka kwa magunia kila vuli. Mapema katika karne ya 20 kuvu kutoka Asia iliingia nchini kupitia New York, na ndani ya miongo michache karibu yote ikafa ikiwa imesimama, mashina ya kijivu yasiyo na jani. Vijana wa CCC waliikata, wakaondoa hatari ya moto, na magogo yake mengine wakayafanya vizuizi vya pembezoni mwa barabara. Lakini kabla chesnati haijawa kuni za kambi ilikuwa riziki ya watu. Familia za milimani ziliokota njugu na kuziuza madukani. Kwa wengi hizo ndizo zilikuwa pesa taslimu pekee za mwaka, za kununulia viatu vya watoto na chumvi. Kwa hiyo ugonjwa wa miti ulikuwa umekwisha kuwafilisi kabla serikali haijabisha hodi.

Hao watu wa milimani ndio ninaotaka kuwazungumzia. Bunge la Marekani liliidhinisha kuanzishwa kwa hifadhi ya Shenandoah mwezi Mei 1926, kwa sharti moja zito: serikali kuu isitoe hata senti kununua ardhi. Jimbo la Virginia lilitakiwa liinunue, liondoe madai yote, kisha liikabidhi kama zawadi. Hifadhi za magharibi mwa nchi zilichongwa kutoka ardhi ya umma, ardhi ambayo Wahindi Wekundu walikuwa wameondolewa zamani. Hii ya mashariki ilikuwa imegawanyika katika maelfu ya vipande vyenye wenyewe, ndani ya kaunti nane. Virginia ilipata dola milioni moja kutoka hazina yake mwaka 1928, ikachangisha wananchi kwa kuwaambia wanunue ekari kwa dola sita, kisha mdororo ukaja na wachangiaji wengi wakashindwa kutimiza ahadi. Pesa zilipopungua, mipaka ya hifadhi nayo ikapunguzwa tena na tena. Na kwa kuwa kujadiliana na mwenye shamba mmoja mmoja kungechukua maisha ya mtu, jimbo lilitunga sheria mwaka huo huo wa 1928 iliyoliwezesha kutwaa maeneo yote ya kaunti moja kwa shauri moja la mahakama. Mwenye ardhi aliyekataa kuuza, ardhi yake ilitwaliwa kwa nguvu.

Mmoja wao, Robert Via, alikwenda mahakamani akidai kwamba jimbo haliwezi kutumia mamlaka yake kutwaa mali ya mtu kwa ajili ya kuigawia serikali nyingine. Shauri lake lilifika hadi Mahakama ya Juu ya nchi, na mwaka 1935 akashindwa. Wenye hati walipata fidia iliyokadiriwa katika miaka ambayo ardhi ilikuwa na bei ya chini kabisa. Wasio na hati, yaani wapangaji, walinzi wa malisho ya matajiri wa bondeni na waliokuwa wakiishi tu pale walipozaliwa, hawakupata chochote. Mwanzoni maofisa walikuwa wamewatuliza kwamba asiye katika njia ya ujenzi ataachwa akae. Februari 1934 mkurugenzi wa Idara ya Hifadhi, Arno Cammerer, akatangaza kwamba serikali kuu haitaipokea ardhi hiyo mpaka watu wote watoke. Familia karibu 500 zikawa wahamishwa kwa tamko moja. Oktoba 1935 mkulima Melancthon Cliser, mtu aliyeshikilia kwamba katiba inamlinda, alitolewa kwenye ardhi yake akiwa amefungwa pingu. Desemba 26 mwaka huo hifadhi ikazinduliwa rasmi kisheria.

Sasa tuweke kambi na uhamisho pamoja, maana ndivyo vilivyokuwa, pamoja, mahali pamoja na miaka ile ile. Tarehe 12 Agosti 1933 Roosevelt alifika Big Meadows, akaketi mezani na vijana, mawaziri wake Harold Ickes na Henry Wallace wakiwa kando yake, wakala chakula cha kambini mbele ya kamera za sinema. Picha hizo zilizunguka nchi nzima na ni kweli zilitia watu moyo. Umbali wa kutembea kwa miguu kutoka meza hiyo walikuwa wakiishi watu maskini kuliko familia nyingi zilizopokea dola 25, na serikali iliyokuwa imeketi pale mezani ilikuwa inangoja waondoke. Walipoondoka, vijana wa CCC walitumwa kusaidia kuwahamisha, na baadaye kuzibomoa nyumba zao au kuzitia moto ili wasirudi. Mvulana aliyetoka katika nyumba yenye njaa mjini alilipwa na serikali kuichoma nyumba ya mwenye njaa wa mlimani. Simlaumu huyo mvulana hata chembe. Alikuwa na umri wa miaka 18 na mama yake alikuwa akisubiri hundi.

Ninachosema ni kwamba hoja ya kukosekana kwa fedha, ambayo ndiyo iliyotolewa wakati ule na ndiyo inayorudiwa mpaka leo, inavunjwa na kambi yenyewe. Mwaka 1926 bunge lilisema haliwezi kununua ardhi. Sawa, nchi ilikuwa na desturi zake, na huenda mbunge wa wakati huo aliamini hivyo kwa dhati. Lakini kuanzia Machi 1933 bunge lile lile liligundua kwamba hazina inaweza kukopa na kutumia kwa ajili ya wanyonge. CCC peke yake iligharimu takriban dola bilioni tatu katika miaka yake tisa, na zaidi ya dola milioni 600 za mishahara zilifika kwa familia za vijana. Barabara ya mlimani ilimeza mamilioni. Katika mafungu yote hayo, ni wachache mno waliorudi nyuma kuuliza kama lile sharti la 1926 bado lina maana, kama mpangaji anayehamishwa mwaka 1934 hastahili walau kile anachopewa mvulana anayekuja kuibomoa nyumba yake. Palikuwa na nyumba mpya za makazi zilizojengwa na serikali kwa baadhi ya familia, ndiyo, ila zilitolewa kwa mkopo, na mtu ambaye kipato chake kilikuwa viazi, kabichi na vibarua vya msimu wa tufaha angelipa rehani kwa kitu gani? Fedha zilikuwepo. Zilikwenda mahali palipokuwa na sauti.

Na sauti katika Virginia ya wakati huo ilikuwa kitu cha kupimwa. Tangu katiba ya jimbo ya mwaka 1902, mtu hakuruhusiwa kupiga kura kabla hajalipa kodi ya kichwa ya dola moja na nusu kwa mwaka. Kodi hiyo ilitungwa kwa lengo la kuwafungia watu weusi nje ya uchaguzi, na ikawafungia Wazungu maskini pia. Harry Byrd, gavana aliyeisukuma hifadhi, na William Carson, mshirika wake aliyeongoza tume ya jimbo ya kutafuta ardhi, walitawala kwa mtandao wa kisiasa ulioota mizizi kwa sababu wapiga kura walikuwa wachache. Wafanyabiashara wa bondeni waliotarajia watalii walikuwa na chemba za biashara na magazeti. Mkulima wa korongoni hakuwa hata na kura ya kumtishia diwani. Sioni haja ya kutafuta maelezo marefu zaidi ya hayo.

Watetezi wa uhamisho wana jibu lao, na si jibu la kupuuzwa. Wanasema maisha ya milimani yalikuwa duni mno, udongo ulikuwa umechoka, watoto hawakuwa na shule, na kuwaacha watu pale kungekuwa ukatili wa aina nyingine. Ushahidi uliotegemewa ulikuwa kitabu kimoja, Hollow Folk, kilichotolewa mwaka 1933 na Mandel Sherman na Thomas Henry, kilichowachora wakazi wa makorongo kadhaa kama watu walioachwa nyuma na ustaarabu, wasiojua dunia ikoje. Kitabu hicho kilifanya kazi kubwa ya kutuliza dhamiri za watu. Miaka ya 1990 mwanaakiolojia Audrey Horning alichimba katika makorongo ya Corbin, Nicholson na Weakley, mahali penyewe palipoelezwa, na ardhini akakuta vyombo vya kaure, chupa za dawa za viwandani, midoli ya watoto iliyonunuliwa, vipande vya santuri. Watu hawa walikuwa wakiagiza vitu kwa posta kutoka kwenye katalogi kama wakulima wengine wa Marekani. Walikuwa maskini, wengine maskini hohehahe. Lakini umaskini ni sababu ya kumsaidia mtu alipo au kumlipa vizuri anapohama. Haujawahi kuwa sababu ya kumnyima vyote viwili. Na wale waliotoa hoja ya udongo uliochoka wangekumbuka kwamba moja ya kazi kuu za CCC kwingineko nchini ilikuwa kuokoa mashamba ya wakulima yaliyochoka, wakulima wakiwa bado wamo ndani yake.

Jibu la pili ni kwamba kambi haikuamua chochote. Uhamisho ulipangwa kabla ya CCC kuzaliwa, ukaamriwa na jimbo na Idara ya Hifadhi, na vijana walikuwa watekelezaji tu. Kwa upande wa lawama ya mtu binafsi nakubaliana nalo kabisa. Kwa upande wa sera silikubali. Bila nguvu kazi ya bei nafuu iliyoletwa na kambi, hifadhi isingekamilika kwa kasi ile, na ni kasi hiyo iliyofanya subira iwe haiwezekani. Hifadhi iliyokuwa ikisuasua kwa kukosa michango ghafla ilipata mamia ya wafanyakazi, barabara ikawa inafunguliwa kipande baada ya kipande kuanzia 1934, rais akawa anatarajiwa kuja kuizindua, na kila mwezi wa kuchelewa ukaonekana ni hasara. Roosevelt aliizindua tarehe 3 Julai 1936. Pale penye haraka, mnyonge ndiye huambiwa apishe.

Mpaka uliotenganisha wenye sauti na wasio nayo ulipita ndani ya kambi vilevile. Oscar De Priest wa Illinois, mbunge pekee mweusi wa wakati huo, alifanikiwa kuingiza katika sheria ya 1933 kifungu kinachokataza ubaguzi wa rangi na imani katika kuajiri. Kifungu kiliandikwa, kikasomwa, kikazungukwa. Robert Fechner, mkurugenzi wa CCC, aliagiza mwaka 1935 kambi zitenganishwe kabisa kwa rangi, akijitetea kwamba kutenganisha si kubagua, na idadi ya vijana weusi ikafungwa isizidi sehemu ya kumi, ingawa ukosefu wa kazi miongoni mwa watu weusi ulikuwa mkubwa kuliko miongoni mwa Wazungu. Zaidi ya vijana weusi 200,000 walihudumu hata hivyo. Katika uwanja wa vita wa Gettysburg, Pennsylvania, walifyeka njia na kutunza makaburi na minara ya vita ambavyo mwisho wake ulikuwa uhuru wa babu zao. Na Shenandoah, hifadhi iliyojengwa kwa fedha za umma wote, ilifungua mwaka 1939 eneo la Lewis Mountain lenye kibao kinachoelekeza watu weusi huko na si kwingine. Mshauri wa Ickes, William Trent, alipigana na mpango huo ndani ya wizara kwa miaka, na ni mwaka 1950 tu ubaguzi ulipokwisha kabisa hifadhini. Wanawake, kwa upande wao, waliachwa nje ya CCC moja kwa moja. Kambi chache alizozipigania Eleanor Roosevelt ziliwafikia wasichana 8,500 hivi, ukilinganisha na wanaume karibu milioni tatu.

Vyama vya wafanyakazi navyo vilipinga mwanzoni, vikihofia kwamba dola moja kwa siku ingeshusha mishahara ya nchi nzima na kwamba jeshi lingewageuza vijana askari. Roosevelt alilimaliza hilo kwa kumteua Fechner, mtu wa chama cha mafundi mitambo. Wako pia wanauchumi wanaosema CCC haikumaliza ukosefu wa ajira, vita ndivyo vilivyoumaliza. Ni kweli, na haidhuru, kwa kuwa mpango uliokusudiwa kulisha familia zinazofa njaa hupimwa kwa familia ulizolisha. Wapenzi wa pori walikuwa na lao zito zaidi: barabara za vileleni ziliwakera kiasi kwamba Bob Marshall, Benton MacKaye na wenzao walianzisha mwaka 1935 chama cha kutetea nyika, na Skyline Drive ilikuwa mfano walioutaja. Lakini hata wao, ninavyowasoma, waliuliza barabara itafanya nini kwa msitu. Waliouliza itafanya nini kwa waliomo msituni walikuwa wachache mno.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuongozwa mkono hapa. Sisi tuna JKT tangu 1963 na Kenya ina NYS tangu 1964, na sare, mchakamchaka na bweni la kambi ni vitu ambavyo familia nyingi zinavijua. Tunalijua pia lile wazo la hifadhi isiyo na wakazi, lililotoka Marekani likasambaa katika makoloni, na ambalo mwaka 1959 liliwatoa Wamasai katika Serengeti na kuwahamishia Ngorongoro, ambako mjadala wa kukaa au kuhama kwao haujafungwa mpaka leo. Mambo hayo mawili, kambi ya vijana na hifadhi iliyosafishwa watu, kwetu yalikuja kwa njia tofauti na katika nyakati tofauti. Shenandoah inatuonyesha yakiwa yamekutana, na inafaa kuijua kabla hatujayaunganisha wenyewe.

Sifa moja nawapa watunza hifadhi wa leo. Tangu mwaka 2007 maonyesho ya kituo cha wageni cha Big Meadows yanaeleza kambi, uhamisho na Lewis Mountain katika ukumbi mmoja, bila kuficha. Nje pamesimama sanamu ya kijana wa CCC, kifua wazi, shoka mkononi. Chini, nje ya mipaka, wajukuu wa waliohamishwa wamekuwa wakijenga katika kaunti za jirani mabomba ya moshi ya mawe, kila moja likiwa na majina ya familia za kaunti hiyo, kwa kuwa bomba la moshi ndilo lililobaki limesimama nyumba ilipochomwa. Ndani ya hifadhi kuna makaburi ya ukoo zaidi ya mia moja. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo, kiasi cha asilimia 40, ilitangazwa na bunge mwaka 1976 kuwa nyika isiyoguswa, na ndani ya nyika hiyo miti ya tufaha iliyopandwa na watu bado inazaa. Annie Shenk, mkazi wa mwisho kati ya wazee wachache walioruhusiwa kufia kwao, alifariki mwaka 1979 akiwa na umri wa miaka 92.

Wazo la kambi halijafa wala silitaki life. Serikali ya Rais Biden ilitangaza kikosi cha vijana wa tabianchi Septemba 2023, kikafungwa Januari 2025, na bila shaka kitazaliwa kingine, huko au kwetu. Dola 25 za mwezi zilizofika kwa mama wa mtu mwaka 1933 ni moja ya matumizi bora ya fedha za umma katika karne iliyopita. Ombi langu kwa atakayeandika mswada unaofuata ni hili: aanze na orodha ya watu wanaoishi kwenye ardhi ile, wenye hati na wasio na hati, na fungu lao liingie katika bajeti ile ile ya mwaka ule ule, juu ya fungu la sare na sururu.